Chupa ya Maji ya Kisima Si Sampuli

Nimeletewa tena chupa ya soda iliyojazwa maji kwenye bomba la tangi, pamoja na ombi lile lile: pima kila kitu, uniambie kama kisima hiki ni salama. Anayeileta huamini kwamba kazi yote hufanyika maabara. Imani hiyo inanikera kwa sababu inaweza kumdhuru mtu.

Tuangalie aseniki, sumu inayoweza kuwamo kwenye maji ya kisima. Maji mengi ya chini ya ardhi hayana oksijeni, na chuma kilichoyeyuka ndani yake hakionekani, hivyo hutoka kwenye pampu yakiwa maangavu kabisa. Yakishakutana na hewa, chuma hicho hugeuka kuwa chembe za kutu zinazotuama na kunata kwenye kuta za chupa, zikiwa zimeinasa aseniki. Maabara ikipima maji ya juu peke yake, ripoti itapendeza hata kama kisima chenyewe kimevuka maikrogramu 10 kwa lita, ambacho ndicho kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana chupa ya kupimia metali na aseniki hutiwa asidi ya naitriki pale pale kisimani, mpaka pH, yaani kipimo cha uasidi, ishuke chini ya 2, ili chuma kisigeuke kutu. Tukitaka kujua kilichoyeyuka tu, maji huchujwa kwanza kwa chujio la maikromita 0.45, lakini kwa maji ya kunywa mimi hudai pia chupa isiyochujwa, kwani mnywaji hachuji. Naitreti, chumvi ya naitrojeni inayoyeyuka majini, huwekewa chupa yake, kwa sababu kuitia asidi hiyo ni kuiongezea naitreti kwa mkono wako mwenyewe. Nayo pH hupimwa papo hapo, kabla kaboni dioksaidi haijatoroka.

Kuchemsha hakuondoi aseniki, floraidi wala naitreti. Maji yakipungua kwa mvuke, vitu hivyo huzidi kukolea.

Ripoti nayo isomwe kwa makini. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kikomo cha naitreti ni miligramu 50 kwa lita ikihesabiwa kama naitreti, lakini ni takriban 11 ikihesabiwa kama naitrojeni, kwa hiyo ripoti iliyoandika 20 bila kufafanua haijasema lolote.

Vitabu vinaagiza pampu iendeshwe mpaka joto, pH na upitishaji umeme vitulie, nami hufanya hivyo, ila shaka hainiishi. Kisima cha kusambazia maji mara nyingi hupokea maji kutoka tabaka kadhaa za ardhi, na mchango wa kila tabaka unaweza kubadilika kadiri pampu inavyoendelea kuvuta. Vipimo vikitulia, ninachojua ni kwamba mchanganyiko wa saa hiyo umetulia. Sina hakika kwamba ndio watakaokunywa watu baada ya pampu kukesha ikifanya kazi. Kwa hiyo huandika pampu imeendeshwa muda gani na maji yameshuka hadi kina gani, na matokeo yakikaribia kikomo sikubali kutoa hukumu kwa sampuli moja. Hurudi kuchukua nyingine masika na kiangazi, kwenye bomba la kisima lenyewe, kabla maji hayajafika tangini wala kutiwa klorini.