Je, wajua kwa nini "utani tu" wa ofisini unachosha kuliko tusi?

Tusi likitoka ofisini kila mtu kalisikia, aliyetukana anaitwa, yanaisha. Shida ni haya madogo madogo ambayo haitwi mtu HR. Unakuta kikao cha wahandisi sita, wa kike mmoja, na kila wiki ni yeye tu anaambiwa "dada tuandikie muhtasari basi", chai ikija macho yote kwake. Akitoa wazo kimyaaa, baadae kidogo kaka mmoja analirudia vilevile na bosi anasema "hiyo sasa ndo pointi". Au mtu kapewa kusimamia hela, anaambiwa "Mchaga kakabidhiwa keshi, tumekwisha", watu wanacheka.

Daktari wa akili wa Harvard, Chester Pierce, ndo aliyaita haya maikroagresheni mwaka 1970, akiangalia wanavyotendewa Wamarekani weusi. Kinachochosha ni kukosa uhakika, yaani kamaanisha au ni mimi nina kisirani? Unaliwaza njia nzima kwenye daladala, ukilisema unaambiwa una hasira za karibu, alafu kesho linajirudia na aliyesema wala hakumbuki.

Na mtu asije na "sisi Watanzania tuna utani wetu". Kweli tunao, Mngoni na Mhehe wanataniana mpaka msibani, lakini mtani anakujibu palepale na haruhusiwi mtu kununa. Bosi wako utamjibu? Kama mmoja anasema na mwenzake anacheka ili mkataba usikatike, huo sio utani.

Ukitaka kujibu usianze na "wewe mbaguzi", atajitetea na mada itageuka kuwa hasira zako. Muulize taratibu "samahani, hapo umemaanisha nini?" unyamaze, mwache aeleze mwenyewe, wengi wanakwama hapo. Ila mimi naona mzigo huu zaidi ni wa sisi tuliokaa pembeni tunasikia. "Hilo wazo dada kalisema sasa hivi, tumsikilize amalizie", "wiki hii muhtasari naandika mimi", na wala hakuna ugomvi.

Isipokoma andika tarehe, maneno yenyewe na waliokuwepo, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila, jinsia, rangi, dini, ulemavu, mimba na mengineyo, na kumnyanyasa mtu kwa hayo kunahesabika ubaguzi. Mwajiri akipuuza, malalamiko yanapelekwa CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.