Uvimbe wa GIST: kinyama kitunzwe, kidonge kisirukwe

GIST ni saratani adimu inayoota ndani ya ukuta wa mfuko wa chakula au utumbo, chini ya utando wa ndani. Kwa hiyo kipimo cha mpira wenye kamera kinaweza kuonyesha uvimbe uliofunikwa na utando mzima, na kinyama (kipande kidogo kinachotolewa ili kipimwe) kilichochunwa juu juu kikaleta jibu kwamba hakuna saratani. Mgonjwa anayeendelea kupata choo cheusi au kupungukiwa damu asirudishwe nyumbani na jibu hilo.

Uvimbe ukiwa sehemu moja, upasuaji ndio tiba, na utolewe mzima bila kupasuka, kwa sababu ukipasuka tumboni hatari ya kurudi inapanda sana. Uliosambaa ndio uliotushinda kwa miaka mingi, maana tibakemia ya kawaida haiugusi. Mambo yalibadilika baada ya watafiti wa Japani, mwaka 1998, kuonyesha kwamba seli nyingi za GIST zina hitilafu kwenye jeni ya KIT, inayoziamuru zigawanyike bila kupumzika. Imatinibu, dawa ya vidonge, huzuia amri hiyo. Marekani iliidhinisha dawa hii kwa GIST mwaka 2002, na tangu 2015 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO kwa ugonjwa huu.

Ila dawa nzuri haisaidii kama ugonjwa haukutambuliwa sawasawa, na kutambua kunaanzia kwenye kopo la kinyama. Kwa joto la Dar es Salaam, kinyama kilichoachwa kikavu au kwenye maji ya dripu mchana mzima huanza kuoza, na vipimo vya CD117 na DOG1, protini zinazoitambulisha GIST maabara, vinatoka hafifu. Kiingie mara moja kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze) ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wake uwe mara 10 ya kinyama. Uvimbe mkubwa upasuliwe vipande, la sivyo formalini haifiki katikati. Wala kisikae humo wiki mbili ndugu wakitafuta hela ya maabara: formalini ikizidi muda inaharibu DNA, na kipimo cha jeni kinashindikana. Mgonjwa anayepewa rufaa kwenda hospitali ya Muhimbili au Ocean Road aje na bloku ya nta yenyewe (kinyama kilichogandishwa ndani ya nta), si karatasi ya majibu peke yake. Naisisitiza bloku kwa sababu jeni ndiyo inayoamua dozi. Wengi wanaanza na miligramu 400 za imatinibu kwa siku. Hitilafu ikiwa eksoni 9 (kipande cha tisa) ya KIT, mara nyingi tunalenga 800, yaani 400 asubuhi na 400 jioni. Ikiwa kwenye jeni nyingine, PDGFRA, aina ya D842V, imatinibu haifanyi kazi. Inayofaa ni avapritinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020.

Kidonge kimezwe katikati ya mlo, na glasi kubwa ya maji. Kwenye tumbo tupu kinaleta kichefuchefu kikali, na hapo ndipo watu huanza kuruka dozi kimyakimya. Anayeshindwa kumeza aweke kidonge cha miligramu 400 kwenye mililita 200 za maji, akoroge mpaka kimeyeyuka, anywe chote papo hapo. Macho kuvimba asubuhi na misuli kukaza usiku ni kawaida, havimaanishi figo zimekufa. FBP (kipimo cha chembe za damu) ipimwe mara kwa mara miezi ya mwanzo. Nutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi) zikishuka chini ya 1.0 au chembe sahani (zinazogandisha damu) chini ya 50, zote kwa bilioni kwa lita, tunasimamisha dawa mpaka zipande, kisha tunaendelea.

Kwetu huku kuna hatari moja isiyopewa uzito unaostahili: TB. Rifampisini, dawa ya TB, inashusha kiwango cha imatinibu mwilini kwa takriban robo tatu, kwa hiyo mgonjwa anameza kila siku na uvimbe unakua. Efavirenzi (ya VVU) na kabamazepini (ya kifafa) nazo zinaishusha. Kliniki ya TB na kliniki ya saratani lazima zizungumze kabla ya dozi ya kwanza, na mgonjwa aonyeshe vidonge vyake vyote, dawa za mitishamba zikiwemo.

Kosa jingine liko kwenye kusoma CT, picha ya kompyuta inayoonyesha uvimbe. Miezi ya mwanzo uvimbe unaweza kuonekana umeongezeka ukubwa kwa sababu umejaa majimaji ndani, kumbe seli zinakufa. Msomaji aangalie kama umekuwa mweusi zaidi kwenye picha. Vigezo vya Choi, vya kupima kama dawa inafanya kazi, vinahesabu kushuka kwa densiti (uzito wa uvimbe kwenye picha) kwa asilimia 15 kuwa ni mafanikio. Hilo halipimiki bila dawa ya kontrasti (inayodungwa ili picha ionekane vizuri), na nimeona ni dhuluma kubwa kumwachisha mgonjwa dawa inayomsaidia kwa kipimo cha rula peke yake.

Aliyefanyiwa upasuaji akiwa na hatari kubwa ya uvimbe kurudi anatumia imatinibu miaka 3. Ambaye uvimbe umesambaa haachi maadamu inafanya kazi, hata CT ikiwa safi, kwa kuwa akiacha ugonjwa kwa kawaida hurudi. Ikishindwa kweli, baada ya kuhakikisha alikuwa anameza, tunapandisha hadi 800 au tunahamia dawa nyingine: sunitinibu, halafu regorafenibu, halafu ripretinibu. Kwa sunitinibu na regorafenibu presha ipimwe kila wiki mwanzoni, na viganja na nyayo vipakwe mafuta mazito yenye urea tangu siku ya kwanza, kabla ngozi haijapasuka.