Kiwanja cha ndege kuwa tayari kwa supasoniki: maana yake nini?

Supasoniki ni ndege inayokwenda kasi kuliko sauti. Kule juu kwenye baridi zinakoruka ndege za abiria, sauti husafiri takribani kilomita 1,060 kwa saa, na Concorde, ndege ya abiria ya Uingereza na Ufaransa ambayo sasa hairuki tena, ilikwenda mara mbili ya hapo. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kiwanja fulani kinaandaliwa kupokea ndege za aina hiyo, anachowaza kwanza ni ule mshindo maarufu: vioo vitapasuka, ng'ombe watakata kamba.

Lakini mshindo si shida ya kiwanja. Unatokea ndege ikishaipita kasi ya sauti, na hilo halifanyiki karibu na njia ya kurukia. Concorde ikitoka London ilisubiri mpaka ifike juu ya maji ya Bristol Channel, mkono wa bahari ulio magharibi ya Uingereza, ndipo ikaongeza kasi. Marekani ilipopiga marufuku mwaka 1973 ndege za kiraia kuvuka kasi ya sauti juu ya ardhi yake, sheria ile ilihusu anga. Kiwanja kinashughulika na ndege hiyo ikiwa bado, au ikiwa tena, ya polepole. Hapo ndipo penye kazi, maana ndege iliyoumbwa kwa ajili ya kasi haipendi polepole.

Chukua bawa lake. Bawa jembamba la pembetatu linakata hewa vizuri huko juu, ila chini halibebi vizuri. Concorde iliacha ardhi ikiwa na kasi inayokaribia kilomita 400 kwa saa, na ikitua ilikuwa bado na kama 300, pua imeinuka hata ikabidi itengenezwe ya kukunjika ili rubani aone mbele. Ikiwa imebeba mafuta yake yote, tani 95 hivi, ilihitaji njia ya takribani mita 3,600. Urefu huo viwanja vikubwa vilikuwa nao tayari kwa sababu ya ndege nyingine nzito. Jomo Kenyatta ya Nairobi ina njia inayozidi mita 4,100, ingawa hesabu ya Nairobi ina jambo lake: mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege yoyote hula njia ndefu zaidi pale kuliko ingekula Mombasa. Kwa vipimo vya mwili Concorde haikumsumbua mtu. Ilikuwa fupi kuliko Boeing 747, na mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 25.6 tu.

Kasi ile kubwa ya kurukia na kutua ilidai zaidi usafi wa njia kuliko urefu wake. Matairi yanayobeba tani 185 kwa mwendo huo hayasamehe takataka. Tarehe 25 Julai 2000, kiwanja cha Charles de Gaulle jijini Paris, Concorde ya Air France ilikanyaga kipande cha bati kilichodondoka kutoka ndege iliyoruka dakika chache kabla. Kilikuwa na urefu wa sentimita 43 hivi. Tairi likapasuka, pande la mpira likapiga upande wa chini wa bawa lenye tangi la mafuta, na ndege ikaanguka Gonesse, mji ulio jirani na kiwanja. Walikufa watu 109 waliokuwamo na wanne waliokuwa chini. Mtu anayetembeza gari kukagua lami, kazi ambayo abiria haioni kamwe, ni sehemu ya utayari sawasawa na mnara wa kuongozea ndege.

Halafu kuna majirani, na mimi naona hapa ndipo kiini cha dhana yote. Ili kuruka, injini za Concorde zilimwagiwa mafuta ya ziada kwenye moshi wa moto unaotoka nyuma, yakawaka, nguvu ikaongezeka na kelele nayo. Safari za abiria zilianza Januari 1976, lakini New York ikafunga mlango. Mamlaka inayoendesha kiwanja cha John F. Kennedy ilikataa ndege hiyo, na wakazi wa mitaa ya karibu walijaza magari yao barabarani kuziba njia za kiwanjani. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na safari hazikuanza hadi tarehe 22 Novemba 1977. Zilipoanza, marubani waliokuwa wakiruka kuelekea mjini walikata kona kushoto mapema juu ya maji ya Jamaica Bay na kupunguza nguvu za injini ili wapite mbali na nyumba za watu. Kilichoandaliwa hapo hakikuwa zege wala lami. Ilikuwa njia ya angani.

Linganisha na Florida. Mwaka 1968, magharibi ya Miami katikati ya kinamasi cha Everglades, ulianza kujengwa uwanja uliopangwa kuwa mkubwa kuliko wote duniani, wenye njia sita, kwa matumaini kwamba supasoniki za Marekani ziko njiani. Watetezi wa kinamasi wakapinga, na mradi ukasimamishwa mwaka 1970. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likakata fedha za supasoniki ya Boeing yenyewe. Ilibaki njia moja ya mita 3,200, marubani wakaitumia kujifunzia kwa miongo kadhaa.

Ndani ya jengo la abiria jambo ni dogo lakini linauma. London hadi New York kwa Concorde ilikuwa kama saa tatu na nusu badala ya saba. Mkawize abiria saa mbili kwenye foleni ya ukaguzi na mizigo, umeshakula zaidi ya nusu ya muda alioununua. Ndiyo maana British Airways ilikuwa na chumba maalumu cha abiria wa Concorde pale Heathrow. Ndege ilibeba watu mia moja hivi, kwa hiyo kuwahudumia kando kuliwezekana.

Supasoniki inayozungumzwa sasa ni Overture ya kampuni ya Boom ya Marekani, itakayobeba watu 60 hadi 80 kwa kasi ya mara 1.7 ya sauti. Ndege yake ya majaribio, XB-1, ilivuka kasi ya sauti huko Mojave tarehe 28 Januari 2025. Waundaji wanasema Overture haitamwagiwa mafuta ya ziada wakati wa kuruka, na kwamba kelele zake kiwanjani zitakuwa ndani ya viwango vinavyozibana ndege mpya za kawaida. Bado haijaruka, na kupimwa kwa kelele hizo kutasubiri siku hiyo.