Mrehani, Udi na Samaki wa Birika: Yasemwayo Lamu Kuhusu Mbu na Watoto

Akizaliwa mtoto hapa Lamu, ushauri wa mbu huingia nyumbani pamoja na uji wa mzazi. Huyu analeta chungu cha mrehani kiwekwe dirishani, yule chupa ya mafuta ya mwarobaini, mwingine anasisitiza udi saa ya magharibi. Wote wanampenda mtoto. Ila mengine wanayosema si kweli, na machache ni ya hatari.

"Panda mrehani na mchaichai, mbu hawaji"

Mmea uliosimama tu chunguni hauwafukuzi mbu. Wanachokichukia ni mafuta yaliyomo ndani ya majani, nayo hutoka majani yakifikichwa, yakichomwa au yakikamuliwa. Hata yakishatoka hayakai: mafuta ya mchaichai yakipakwa mwilini huisha nguvu baada ya saa moja au mbili, na kwa joto letu la kaskazi, na mtoto anatoka jasho, huisha mapema zaidi. Mrehani upandwe kwa harufu yake na kwa vikuba, vile vishada vya kujipamba. Kumlinda mtoto usiku kucha hauwezi.

"Cha asili hakimdhuru mtoto"

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Mafuta ya mwarobaini, akinyweshwa mtoto mchanga hata kwa kiasi kidogo, yanaweza kumletea kutapika, degedege na kupoteza fahamu, na wako watoto waliofariki kwa sababu hiyo. Kafuri nayo huleta degedege ikimezwa. Mafuta ya karafuu huwasha ngozi laini ya mtoto, na akiyameza yanaweza kuharibu ini. Basi chupa hizi ziwekwe juu, mkono wa mtoto usipofika, na zisichanganywe na mafuta ya nazi ya kumkandia.

Na ndimu? Maji yake yakiwa kwenye ngozi, kisha jua likapiga, ngozi huungua, hufanya malengelenge na kubaki na madoa meusi. Watoto wengi wameunguzwa hivyo na watu waliokuwa wakiwakinga.

Ziko pia dawa za kupaka zinazotengenezwa kutokana na mkaratusi wenye harufu ya ndimu. Hizo kweli hufukuza mbu kwa saa kadhaa, lakini hazipakwi mtoto aliye chini ya miaka 3.

"Fukiza udi, au maganda ya machungwa"

Moshi mzito huwapunguza mbu kwa muda, ndiyo. Lakini pafu la mtoto mchanga ni dogo, na chumba kilichofungwa kikijaa moshi humletea kikohozi na pumu. Kama ni lazima ufukize, fukiza mtoto akiwa nje, ufungue madirisha, kisha ndipo umrudishe. Panka ni bora kuliko moshi: mbu ni mrukaji dhaifu, upepo humshinda.

"Mtoto huyu ana damu tamu"

Mbu jike, maana dume haumi, hufuata pumzi tunayoitoa, joto la mwili na harufu ya ngozi. Utamu haumo. Mama anayenyonyesha akila kitunguu saumu hamkingi mwanawe.

"Mbu huuma usiku, na hutoka mikokoni"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisiwa hiki kilishaonja. Mwaka 2004 Lamu ilipigwa na chikungunya, homa inayoenezwa na mbu. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba karibu robo tatu ya wakazi wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Ulikuwa wakati wa ukame, si wa mvua! Watu walikuwa wamehifadhi maji nyumbani, na mbu wa chikungunya, yule mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, hupenda maji hayohayo: ya tangi, pipa, mtungi, hata kifuu kilichosahauliwa uani. Mikoko ina mbu wake, lakini huyu huzaliwa nyumbani na haruki mbali. Naye huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Kwa hiyo mtoto anayelala adhuhuri anahitaji chandarua sawasawa na wa usiku.

Na dawa ya asili ya mbu huyu, wazee wetu walikuwa nayo. Katika nyumba za mawe za mji wa kale, ndani ya birika la chooni, yaani hodhi la kuwekea maji, walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika lilijengewa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki apate pa kukaa hadi lijazwe tena. Nikichungulia birika lenye samaki wake bado, sioni kiluwiluwi hata kimoja. Hii ni hekima ya kurudishwa, mradi usitie klorini kali maji yale, maana samaki watakufa.

Pasipo samaki, funika chombo kwa kitambaa kizito kilichofungwa vizuri, na kila wiki ukisugue. Kumwaga maji hakutoshi. Mbu huyu hutaga mayai ukutani, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi, kisha yakiguswa na maji huanguliwa. Toka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10, ndiyo maana ya kila wiki.

"Chandarua chenye dawa ni sumu kwa mtoto"

Dawa iliyomo imetengenezwa kwa kuiga ile ya maua ya pareto, yanayolimwa bara hukuhuku Kenya, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza vyandarua hivyo kwa watoto, hata wachanga. Kipya kitandaze kivulini siku moja kabla ya kukitumia. Kikichafuka kifue kwa sabuni ya kawaida, usikianike juani wala usitie jiki. Kingo zake zisukumwe chini ya godoro, na mtoto asilale ameegemea wavu, kwani mbu humuuma kupitia matundu yake. Kikitoboka kishone siku hiyohiyo.

Ukienda naye mahali pasipo chandarua, dawa ya kupaka yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, inaruhusiwa kwa aliyetimiza miezi 2. Ipake wewe kwanza kwenye viganja vyako, kisha umpake kidogo, na usimpake mikononi, kwa sababu kila kilichopo mkononi mwa mtoto huishia mdomoni.