Karoti Yenye Miguu Mitatu: Usiilaumu Mbegu

Ukilima bustani nyumbani na karoti zikatoka zimejigawa miguu mitatu, usikimbilie kubadilisha mbegu. Chimba uangalie udongo. Ncha ya mzizi mchanga ni laini mno. Ikigonga jiwe, bonge gumu au samadi mbichi huumia, na mizizi ya pembeni huanza kunenepa badala yake. Tifua hadi sentimita 30, okota mawe, vunja mabonge, kisha changanya mboji iliyooza kabisa. Naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, ikizidi udongoni, utavuna majani matupu.

Karoti, figili, bitiruti na tanipu hupenda ubaridi, hasa nyuzi joto 15 hadi 20. Joto likipanda, figili huwa kali na ngumu, tena hukimbilia kutoa maua.

Panda mbegu moja kwa moja tutani, maana karoti iliyohamishwa huharibika umbo. Ifukie sentimita moja tu. Huchukua wiki moja hadi tatu kuota, na hapa ndipo wengi hupoteza zao: tabaka la juu hukauka, likafanya ukoko, na miche ikafia chini. Tandaza nyasi kavu, mwagilia taratibu kila siku, na uziondoe mara miche inapochungulia. Napenda sana kuchanganya mbegu chache za figili kwenye mstari. Huota baada ya siku chache, hupasua ukoko, na huvunwa baada ya takriban wiki nne karoti zikiwa bado changa.

Kisha punguza miche, hata kama roho inauma. Bitiruti ndiyo inayohitaji zaidi, kwa kuwa kile tunachokiita mbegu moja ni kifundo chenye mbegu kadhaa. Utaona miche miwili au mitatu imebanana mahali pamoja. Iliyozidi ikate kwa mkasi usawa wa udongo, kwani kuing'oa hutikisa mizizi ya jirani. Acha sentimita 5 kati ya karoti, 8 hadi 10 kati ya bitiruti. Majani machanga ya bitiruti uliyoyapunguza ni mboga nzuri.

Maji yasiwe ya kubahatisha: ukame unaofuatwa na maji mengi hupasua mizizi. Mabega ya karoti yakitokeza juu, yafukie yasigeuke kijani. Baada ya kuvuna, kata majani mara moja, maana huendelea kunyonya maji ya mzizi; kwa bitiruti bakiza kikonyo cha sentimita 3 ili isivuje rangi ikichemshwa.