Pua ya mtoto mchanga kuziba: maana yake na la kufanya usiku

Pua ya mtoto mchanga husemwa imeziba pale hewa inapopita kwa shida katika tundu moja au zote mbili, ama kwa sababu utando wa ndani umevimba, ama kwa sababu kamasi imejaa au imekauka humo. Kwa mtu mzima hilo ni kero tu, kwa kuwa hufungua kinywa akaendelea kuvuta hewa bila hata kufikiri. Mtoto wa miezi michache ya mwanzo hana wepesi huo. Yeye hutegemea zaidi pua, na ndiyo maana anaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mfululizo bila kuachia titi. Pua ikiziba, mfululizo huo huvurugika: hunyonya mara mbili tatu, huachia, hulia, hushika tena, na hatimaye hupitiwa na usingizi akiwa hajashiba. Wapo akina mama wanaodhani maziwa yao yamepungua, kumbe mtoto anatafuta pumzi.

Ikumbukwe pia kwamba si kila kukoroma ni mafua. Njia za pua za mtoto ni nyembamba mno, hivyo hata kamasi kidogo hutoa sauti, na kupiga chafya ndiyo njia yake ya kujisafisha. Akinyonya vizuri na kulala vizuri, hahitaji kufanyiwa lolote.

Usiku hali huzidi kwa sababu zinazoeleweka. Mtoto anapolala, damu hujaa zaidi katika utando wa pua na kuuvimbisha, na kamasi iliyokuwa ikitiririka mbele hurudi nyuma kuelekea kooni. Wakati huohuo madirisha hufungwa, dawa ya mbu ya kuchoma huwashwa, na katika sehemu za baridi kama Njombe, Mbeya au Limuru, jiko la mkaa huingizwa chumbani miezi ya Juni na Julai. Moshi huuchokoza utando uleule uliokwisha kuvimba. Mkaa, hata uliokolea usiotoa moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo imekwisha kuua familia nzima usingizini. Kwa hiyo tiba ya kwanza kabisa, na isiyogharimu chochote, ni kulitoa jiko nje na kumfunika mtoto nguo za kutosha.

Baada ya hapo, msaada wenye uhakika zaidi ni matone ya maji ya chumvi yanayouzwa katika maduka ya dawa, yenye gramu 9 za chumvi kwa kila lita, kiwango kinachokaribiana na majimaji ya mwili na kwa hiyo kisichowasha. Kuyachanganya nyumbani kwa kukisia si vyema, kwa sababu kipimo hukosewa kwa urahisi na maji huenda yasiwe safi. Mama hunawa mikono, huishika chupa kiganjani mpaka ubaridi umalizike, humlaza mtoto chali, kisha hudondosha matone mawili au matatu katika kila tundu. Mtoto atakunja uso na pengine kulia, asiharakishwe. Ndani ya dakika moja hivi kamasi iliyokauka huanza kulainika, na mara nyingi chafya moja huisukuma nje, ikabaki kufutwa kwa kitambaa laini. Isipotoka, hutumika pampu ndogo ya mpira: mpira hubonyezwa kwanza ukiwa nje ya pua, ncha huingizwa mlangoni tu mwa tundu, ndipo mpira huachiwa taratibu. Pampu ikitumika mara nyingi mno kwa siku, yenyewe huchubua na kuvimbisha utando, na vijiti vya pamba havifai kabisa. Wakati unaofaa kwa kazi hii ni robo saa hivi kabla ya kunyonyesha, kwa kuwa mtoto aliyeshiba huweza kutapika.

Desturi ya kunyonya kamasi ya mtoto kwa mdomo imetokana na mapenzi, na bibi anayeifanya hastahili kubezwa. Lakini mdomo wa mtu mzima hubeba vijidudu ambavyo kwake ni mafua mepesi na kwa mtoto vinaweza kushuka mapafuni. Dawa za kupaka zenye menthol na kafuri hazimfai mtoto aliye chini ya miaka 2, hata zikipakwa kifuani pekee. Mafuta ya mikaratusi, matone ya watu wazima ya kuzibua pua na dawa za maji za mafua pia asipewe, na asali asionjeshwe kabla ya kutimiza mwaka. Kumfukiza kwa mvuke wa maji yanayochemka kumeunguza watoto wengi. Dawa za antibiotiki nazo haziponyi mafua, hata kamasi ikiwa ya kijani.

Mtoto alazwe chali, mahali tambarare, bila mto. Mto unaowekwa ili apumue vizuri huinamisha kidevu kifuani na kuibana njia ya hewa iliyokusudiwa kufunguliwa. Akihangaika, abebwe wima begani na mtu aliye macho mpaka atulie, na anyonyeshwe kidogo kidogo mara nyingi.

Mafua ya kawaida hupungua ndani ya siku 7 hadi 10. Linalopaswa kuchunguzwa kila usiku ni kama shida ingali puani au imeshuka kifuani, na kipimo chake hakihitaji kifaa zaidi ya saa: mtoto akiwa ametulia, nguo ya kifuani huinuliwa na pumzi zake huhesabiwa kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, au 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, ni nyingi mno. Hizo, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila avutapo hewa, midomo ikigeuka rangi, akishindwa kunyonya, akilegea au kupata degedege, au aliye chini ya miezi 2 akiwa na joto la nyuzi 37.5 na kuendelea, hupelekwa hospitali usiku huohuo.