Kihariri cha ramani kwa wanaoanza: maana yake na kinachokifanya kifae

Kihariri cha ramani ya pamoja ni programu inayofunguka ndani ya kivinjari na kumwezesha mtu yeyote mwenye akaunti kuongeza, kusahihisha au kufuta kitu kwenye ramani ambayo maelfu ya wengine nao wanaichora. Kikiitwa "cha wanaoanza", haina maana kwamba uwezo wake ni mdogo. Maana yake ni kwamba mtu anayeijua vizuri shule ya mtaani kwake, lakini hajui hifadhidata ya ramani imeundwaje, anaweza kuiweka shule hiyo mahali pake bila kuvuruga kazi ya wenzake.

Mfano unaojulikana zaidi ni iD, kihariri cha OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa mwaka 2004. Kabla yake wageni walitumia Potlatch, iliyotegemea Flash, programu ya ziada ya kivinjari, na wazoefu walitumia JOSM, ambayo husakinishwa kwenye kompyuta. iD, iliyoandikwa kwa JavaScript, lugha ya programu ambayo kivinjari huiendesha chenyewe, iliingia kwenye tovuti ya OpenStreetMap mwaka 2013.

Ugumu unaanzia kwenye data yenyewe. OpenStreetMap haina kitu kinachoitwa "shule" wala "barabara". Ina nukta, mistari inayounganisha nukta, na mahusiano yanayokusanya vitu hivyo pamoja, kama vile njia ya basi. Kila kimoja hubandikwa lebo zenye ufunguo na thamani: shule ni amenity=school, barabara ya makazi ni highway=residential. Kazi ya kwanza ya kihariri ni kusimama katikati kama mkalimani. Mtumiaji anaandika jina la kitu kwa lugha yake, kihariri kinamletea kiolezo chenye sehemu za kujaza, na lebo zinaandikwa zenyewe nyuma ya pazia. Kwa hiyo kisanduku cha kutafutia violezo kinastahili kazi kubwa kuliko vitufe vya kuchorea. Kikikosa visawe, anayetafuta "zahanati" asiione atachagua "jengo" tu na kuondoka, na hakuna onyo litakalomwambia kwamba amekosea.

Hata kisanduku kidogo cha ndiyo na hapana kinataka kufikiriwa. Chukua swali la kama barabara ni ya upande mmoja. Kisanduku cha kawaida kina hali mbili, kwa hiyo kikiachwa kitupu kinasomeka kama "hapana". Kwenye ramani ya pamoja utupu una maana ya kwamba hakuna aliyesema bado. Ndiyo maana iD hutumia kisanduku chenye hali tatu: haijajazwa, ndiyo, hapana. Ukipunguza hali hizo ili fomu ionekane nyepesi, utajaza hifadhidata majibu ambayo hakuna mtu aliyeyatoa.

Kuchora kwenyewe ni rahisi. Katika iD, kwa jengo la pembe nne, bonyeza kitufe cha 3 kuchagua eneo, bofya kila pembe ukifuata picha ya setilaiti, funga umbo kwa kubofya tena nukta ya mwanzo, kisha bonyeza Q ili pembe zinyooke. Hapo makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kufuata paa badala ya msingi. Picha ikiwa imepigwa kwa kuinama, paa la jengo refu huonekana limesogea pembeni. La pili ni picha yenyewe kuhama mita kadhaa. Anayeanza huiamini picha, akaanza kusogeza barabara zote zilizokuwa sawa. Kihariri kizuri humpa njia ya kuisogeza picha na kumwonyesha nyayo za GPS za kulinganishia, yaani njia zilizorekodiwa na vifaa vya watu waliopita hapo. Pia orodha ya picha iwe ya zile tu zenye ruhusa ya kunakiliwa, maana mtu mpya hana namna ya kujua kwamba ramani aliyoizoea kwenye simu hairuhusiwi kunakiliwa.

Kosa linaloumiza zaidi halionekani kwa macho. Mistari miwili ya barabara inaweza kugusana kabisa kwenye skrini na bado isiwe imeungana, kwa sababu muungano upo pale tu mistari yote miwili inapotumia nukta ileile. Programu ya kuongoza safari haiangalii picha, inafuata nukta. Barabara iliyoishia nusu mita kabla ya makutano ni barabara isiyofika popote, na dereva atazungushwa. Kwa hiyo ncha ya mstari inapokaribia mstari mwingine, kihariri kiivute ishikamane, na kionyeshe wazi kwamba imeshika. Lakini mvuto ukizidi, ukuta wa nyumba utang'ang'ania barabara, na atakayekuja kunyoosha barabara ataivuta nyumba nayo.

Kiwango cha kukuza nacho ni ulinzi. iD haimruhusu mtu kuhariri kabla hajafika ngazi ya 16 ya ukuzaji. Kwenye ikweta, pikseli moja katika ngazi hiyo ni takriban mita 2.4 ardhini, katika ngazi ya 12 ni kama mita 38, katika ya 19 ni sentimita 30. Mkono ukitetemeka pikseli tatu ukiwa mbali, umehamisha kisima hadi shamba la jirani. Isitoshe, eneo pana lina data nyingi kiasi cha kukielemea kivinjari.

Kufuta ndiko kunakotaka breki kali. Kipande cha barabara kinaweza kuwa sehemu ya njia ya basi au mpaka wa wilaya, na mtumiaji anaona mstari mmoja tu. iD hukataa kufuta kitu ambacho sehemu yake kubwa haionekani kwenye skrini, au kilichomo ndani ya uhusiano wa aina hiyo, na hueleza sababu. Kukataa bila kueleza kungemfanya mtu adhani programu imeharibika.

Kisha kuna kuhifadhi. Mabadiliko hukaa kwanza kwenye kivinjari, hivyo dirisha likifungwa kwa bahati mbaya kazi inaweza kurudishwa. Yanapotumwa huenda kama fungu moja lenye maelezo yasiyozidi herufi 255, na seva haipokei zaidi ya vitu 10,000 kwa fungu. Kila kitu kina namba ya toleo. Mtu mwingine akiwa ameshakibadilisha, seva hukataa, na kihariri kinapaswa kumwekea mtumiaji matoleo yote mawili mbele yake achague. Kumtupia namba ya kosa, 409, si msaada.

Maonyo ni eneo ambalo wabunifu wengi huteleza. Yakiwa mengi, mtu hujifunza kuyapuuza yote. Bora kutenganisha makosa, yanayozuia kuhifadhi, na tahadhari, zisizozuia. Vitufe vya "rekebisha" navyo viwe na kiasi. Barabara ikikatiza mto, kihariri kinaweza kupendekeza daraja au kalvati, lakini aliyeko mbali hajui ni lipi kati ya hayo, na kitufe kinachong'aa humshawishi achague hata hivyo. Chaguo la "acha kama lilivyo" lipewe ukubwa uleule.

Mafunzo yawe ndani ya kihariri, juu ya data isiyohifadhiwa; ya iD hutumia mji wa Three Rivers, jimbo la Michigan, Marekani, na unaweza kuubomoa utakavyo. Lebo mbichi nazo zisifichwe kabisa. Zikunjwe chini ya fomu, mahali ambapo mtu akishaanza kujiuliza kiolezo kimeandika nini, atazikuta.